Geti Lisilo na Mwenye Ufunguo

Mara ya kwanza nilipomwona yule mama, nilimfukuza. Naanza na hilo kwa sababu nimeisimulia habari hii mara kadhaa, na kila mara najikuta nimejipa sehemu nzuri kuliko ninayostahili.

Nilikuwa mpimaji katika maabara ndogo ya maji hapa Eldoret, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo. Kazi yetu ilikuwa ya kawaida kabisa. Shule za bweni zilileta maji ya visima vyao, wenye viwanda vidogo vya maziwa walileta ya kuoshea mitungi, na mara mojamoja tajiri fulani alitaka kujua kwa nini maji ya nyumba yake mpya yanatia kutu kwenye masinki. Asubuhi za Eldoret baridi huingia mpaka kwenye mifupa ya vidole, kwa hivyo nilivaa sweta mbili chini ya koti jeupe. Kwa sababu ya koti hilo watu waliniita daktari. Mwanzoni niliwasahihisha, baadaye nikaacha.

Mama aliingia siku ya mvua. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, shanga zimejaa shingoni, viatu vyake vya matairi vimelowa. Alikuwa amekumbatia jerikani ya manjano kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Aliiweka kwenye kaunta yangu na kusema, "Daktari, angalia hii. Uniambie kama ni maji ama ni nini."

"Umeyatoa wapi, Mama?"

Akanitajia kwao, mbali kaskazini, kwenye nchi ya joto. Alikuwa amesafiri siku mbili, kwanza juu ya lori la mbuzi, kisha kwa basi. "Pale kwa mafuta," akasema. "Walichimba, wakaenda."

Nilifungua kifuniko nikanusa. Kisha nikaitazama ile jerikani vizuri. Lebo ilikuwa imebanduka nusu, lakini picha ya chapati bado ilionekana.

"Hii ilikuwa ya mafuta ya kupikia?"

"Ndiyo. Lakini nimeosha."

"Basi siwezi kupima. Nikipata mafuta ndani, nitajuaje kama ni ya kisima ama ni ya chapati?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nami nilitabasamu, na tabasamu hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mengine yote niliyofanya au kushindwa kufanya.

Yeye hakucheka. "Mbuzi yangu haikukufa na chapati," akasema. Akaichukua jerikani yake, akashuka ngazi.

Kisayansi nilikuwa sahihi. Chombo kichafu hutoa jibu chafu. Lakini nilipokuwa nikimhudumia mteja aliyefuata, mtu wa sinki zenye kutu, niliweka kalamu chini. Nilimwomba anisubiri, nikakimbia ngazi mpaka barabarani. Nilimkuta mama amesimama chini ya kibaraza cha duka akiitazama mvua, kama mtu ambaye hajui atakwenda upande gani.

Nilimpeleka kwenye kibanda cha chai. Huko ndiko alikonieleza kila kitu, taratibu, huku akikoroga sukari.

Kampuni ilikuja ikachimba visima vya mafuta kwenye malisho yao. Watu waliambiwa maendeleo yamefika. Visima vingine vilitoa mafuta, vingine havikutoa ya kutosha, na baada ya miaka michache mitambo ikang'olewa, kambi za pale zikavunjwa. Kilichobaki kila mahali palipochimbwa ni ua wa waya, geti lenye kufuli, na ndani yake bomba nene lililotokeza juu ya ardhi likiwa limefunikwa kwa chuma. Kando ya bomba kulikuwa na shimo kubwa kama bwawa, walimokuwa wakimwaga matope ya kuchimbia na maji yaliyochanganyika na mafuta. Shimo lilikuwa limetandikwa plastiki nyeusi. Jua la kule lilikula ile plastiki. Kisha ikaja mvua, ile mvua ya huko ambayo haiji miaka, na ikija inakuja kama deni la ukoo mzima. Shimo likafurika, likateremkia kwenye mto mkavu ambako wanawake huchimba mchangani kutafuta maji ya kunywa. Mbuzi waliokunywa hapo walikufa.

"Na ile bomba inapumua," akaongeza.

"Inapumua vipi?"

"Asubuhi kama upepo imelala, unasikia: sss. Inanuka kama yai mbovu."

Nilimwambia asiruhusu mtoto yeyote akaribie pale. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayeambiwa jua ni moto. "Ua ya waya imeanguka upande moja. Mbuzi inaingia. Mtoto anafuata mbuzi. Geti tu ndio imesimama."

"Mmeripoti?"

"Kwa chifu. Chifu akaandika barua. Barua ikaenda. Sisi hatujaiona ikirudi."

Nilirudi juu nikamletea chupa sita za kioo, za rangi ya kahawia, zilizooshwa kwa dawa. Nilimfundisha palepale kwenye meza ya chai: usiguse mdomo wa chupa, jaza mpaka juu kabisa hewa isibaki, funga, weka mahali pa baridi, ulete haraka. Akarudia yote bila kukosea. Kisha akauliza, "Baridi nitatoa wapi, kwetu?" Akawaza kidogo. "Kuna nesi wa zahanati. Ako na friji ya chanjo. Ataniwekea barafu."

Alirudi baada ya wiki tatu. Chupa zilikuwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, zimefungwa magazeti moja moja, katikati ya vifuko vya barafu vya zahanati. Barafu ilikuwa imeyeyuka lakini maji bado yalikuwa baridi. Nimewahi kuletewa sampuli mbovu kuliko hizo na wanafunzi wa chuo kikuu.

"Nimefanya vile ulisema," akasema. Akaenda kutafuta gari la kurudi.

Nilipima chupa tatu, na tatu nikazihifadhi kwenye friji yetu, kama utaratibu unavyotaka, ili mtu akibisha zipimwe tena. Niliyatikisa yale maji pamoja na dawa inayovuta mafuta, nikaingiza kwenye mashine, nikasubiri. Kwa maji safi, mashine huchora mstari unaolala chini. Huu ulipanda kama ukuta wa bonde la Kerio. Nikarudia. Ukapanda vilevile. Nikarudia tena, nikitumaini nimekosea, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuwafikiria wale wanawake wanaochota kwa vibuyu kutoka mchangani. Sikuwa nimekosea. Kulikuwa na mafuta, na kulikuwa na madini ya yale matope ya kuchimbia, yasiyo na sababu nyingine ya kuwa ndani ya maji ya kunywa ya mtu yeyote.

Niliandika ripoti. Ilibaki sahihi ya bosi.

Bosi wangu hakuwa mtu mbaya, na hilo linanikasirisha zaidi. Aliishi Elgon View, mtaa wa wenye pesa, nyumba yenye miti ya jakaranda getini, na mama yangu alipolazwa alinipa gari lake na dereva bila kuombwa. Aliisoma ripoti akiwa amesimama dirishani.

"Hii kazi nani alikuagiza?"

"Mteja. Aliingia kwa mlango, kama wengine."

"Unajua ni nani anatuletea maji ya kambi zilizosalia huko kila mwezi?"

Nilijua. Ni mwanakandarasi wa ileile kampuni. Maji ya kunywa ya wafanyakazi wao yalipimwa kila mwezi, bila kukosa, nami ndiye niliyeyapima.

"Madam," akaniambia, bila hasira, "sisi tunauza namba. Hatuuzi vita." Akaifungua droo ya meza yake, akaitia ripoti ndani. "Wacha niitazame."

Aliitazama wiki moja. Aliitazama ya pili. Nilipomuuliza alisema bado anaitazama. Mama alinipigia simu kutoka kwenye kilima ambako huko kwao mtandao hushika, nikamwambia asubiri kidogo. Ndivyo nilivyomwambia, asubiri, mimi niliyekuwa nikinywa maji ya mfereji.

Jumatatu moja nilifungua friji nikakuta nafasi ya zile chupa tatu ni tupu. Nilizipata kwenye kichanja cha kukaushia vyombo, zimepinduliwa, zimeoshwa, zinang'aa. Kisha nikaenda ofisini kwa bosi bila kubisha mlango.

"Zilikuwa zimepitisha muda wake," akasema kabla sijafungua mdomo. "Unajua sheria. Sampuli ikizeeka haifai."

Na ilikuwa kweli! Hapo ndipo nilipotaka kupiga kelele. Alizizeesha mwenyewe, kisha akazimwaga kwa kosa la uzee. Kila hatua ilikuwa halali. Mtu angeweza kuja kutukagua asubuhi hiyohiyo na asione doa. Mimi nilimkatalia mama kwa sheria ya chombo, bosi akamkatalia kwa sheria ya muda, na katikati ya sheria zetu mbili nzuri watu waliendelea kunywa.

Ningependa kusema niliacha kazi siku hiyo. Sikuacha. Nilipima maji ya shule mbili, nikaenda nyumbani nikamfokea mume wangu kwa sababu ya chai isiyo na majani ya kutosha.

Mwezi haujaisha nikaona tangazo gazetini. Umma ulikaribishwa kutoa maoni kuhusu kufungwa kwa visima vya mafuta vya kaskazini na kusafishwa kwa mazingira yake. Mkutano ungefanyika katika hoteli moja kubwa ya hapa Eldoret. Nilisoma mara mbili. Visima viko mwendo wa siku mbili kutoka hapa, na gazeti halifiki kule isipokuwa likiwa limefungiwa mandazi. Nilimpigia mama. Simu ilikataa siku tatu. Siku ya nne akapokea, nikamweleza.

"Ni lini?" akauliza. Nikamwambia. Akahesabu kimya. "Nitafika. Labda nichelewe."

Ukumbi ulikuwa na zulia, na kila kiti kilikuwa na chupa ya maji. Waliokuja walikuwa watu wa mjini, wengi wao wenye kadi za chakula cha mchana shingoni. Mzee mmoja wa Ainabkoi aliyeketi karibu nami alikuwa amedhani ni mkutano wa mbolea ya serikali. Nilipomweleza ni wa nini, alifikiri kidogo, akasema, "Basi nitakaa. Hata hiyo ni shamba ya mtu."

Bosi wangu alikuwa safu ya pili.

Mtaalamu wa kampuni, kijana nadhifu mwenye sauti ya kutangaza habari, alituonyesha picha ukutani. Shimo limefukiwa, nyasi zimeota. Visima vyote, akasema, vimefungwa kwa viwango vya kimataifa, na mashimo yote yamesafishwa. Watu walipiga makofi. Nyasi zenyewe zilikuwa kijani kibichi kama za uwanja wa gofu. Sijui walizipiga picha wapi.

Tulipokuwa tunaitwa kwa chai nikasikia sauti mlangoni. Bawabu alikuwa amemzuia mama. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini.

"Jina lake haliko kwa orodha," bawabu akaniambia.

"Orodha ya nani?"

"Ya umma."

"Huyu ndiye umma!" nikasema, na sauti yangu ikanitoka kubwa kuliko nilivyopanga, mpaka vikombe vikatulia. "Hao wengine wote mliowaandika ni wageni!"

Bawabu naye ni mtu. Alitazama huku na huku, kisha akajifanya ameitwa nje. Mama akaingia. Mzee wa Ainabkoi aliinuka akampisha. "Keti, Mama," akamwambia, naye akasimama ukutani mpaka mwisho.

Tuliporudi kutoka chai niliinua mkono. Nilisema nilichokiona: maji yale, mstari ule, mara tatu. Mwenyekiti, afisa mstaafu mwenye miwani iliyoteleza, alinisikiliza kwa subira.

"Una ripoti iliyotiwa sahihi?"

"Sina. Iko kwenye droo."

"Droo gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. "Ya yule, safu ya pili."

Ukumbi ukanong'ona. Bosi aliinamia viatu vyake. Mwenyekiti alirekebisha miwani. "Tusitaje watu. Bila ripoti hayo ni maneno tu. Lakini yameandikwa."

Mama akasimama kabla hajaitwa.

"Mimi sitauliza ya maji," akasema. "Daktari amesema. Mimi nauliza geti. Pale kwetu geti iko na kufuli kubwa. Nani ako na ufunguo?"

Yule mtaalamu akatabasamu. "Mama, masuala ya usalama yanashughulikiwa kikamilifu kwa—"

"Nani ako na ufunguo? Ile bomba ikilia kesho, nipigie nani simu akuje kufungua?"

Mtaalamu akamtazama mwakilishi wa kampuni. Mwakilishi akasema kampuni ilishaikabidhi serikali maeneo yale. Afisa wa serikali akasema makabidhiano hayajakamilika, kwa hivyo kwa sasa ni mwanakandarasi. Mwanakandarasi, aliyekuwa akila keki nyuma, akafuta mdomo na kusema kandarasi yao ya visima vile iliisha, waliacha funguo kambini. Kambi ilishavunjwa.

Kisha mzee wa Ainabkoi akasema kutoka ukutani, "Kwa hivyo hakuna."

Sijawahi kuona watu wengi wenye suti wakitazama meza kwa pamoja kiasi hicho. Nilifikiri ningefurahi. Badala yake nilikasirika. Picha zote zile, maneno yote yale ya kimataifa, na hakuna hata mtu mmoja katika ukumbi ule aliyekuwa ameingia ndani ya lile geti tangu kampuni ihame. Walikuwa wakituletea habari za mahali ambapo hawawezi kuingia.

"Swali limeandikwa," mwenyekiti akasema. Tukaitwa kula.

Jumatatu nilipewa barua ya kufutwa kazi. Iliandikwa kwamba nimevuruga imani ya wateja. Mume wangu, anayeendesha lori la mahindi kutoka Turbo, aliisoma mara mbili, akaikunja. "Ungengoja hata tuvune," akasema. Nilikasirika naye pia, ingawa ndiye aliyempakia mama kwenye lori lake baada ya mkutano akamfikisha mpaka Kitale, njia nzima wakizungumza habari za mbuzi.

Kumbe nyuma ya ukumbi alikuwepo afisa mwingine, mwanamke wa ofisi ya mazingira, ambaye hakusema neno siku ile ila aliandika. Alinipigia simu akataka nimweleze namna mama alivyochukua maji. Ilimchukua miezi kupata gari na ruhusa. Alipofika kule alikata kufuli kwa mkasi wa chuma, mbele ya wanawake wa pale waliokuja kutazama. Alikuwa na kifaa cha kunusa gesi. Mama aliniambia kilianza kulia tangu getini, na walipolikaribia bomba kikalia mfululizo mpaka afisa akawaamuru wote warudi nyuma. Vali inayozuia gesi ilikuwa imelika. Mwanakandarasi akalazimishwa kuja kuibadilisha, na bomba likanyamaza. Moja. Vile visima vingine, kila kimoja na kufuli lake, vinangoja gari lingine na ruhusa nyingine.

Watu huniambia nishukuru, kwamba ni ushindi. Sitaki kushukuru. Mwanamke alipanda lori la mbuzi mara tatu, alifukuzwa na mimi, alifichwa ndani ya droo, alizuiwa mlangoni, ili mtu mmoja aje kukata kufuli moja. Kama huo ndio usimamizi wa umma, basi umma umeufanya peke yake, kwa nauli yake, kwa miguu yake. Na wale mbuzi walikufa. Na mtoto wa jirani yake ana madoa kwenye ngozi ambayo nesi wa zahanati hajui jina lake, nami pia sijui, na hakuna aliyekuja kumpima.

Siku hizi napima maziwa katika ushirika wa wakulima. Ni kazi nzuri. Ng'ombe hawana mawakili.

Miezi michache iliyopita mama alipiga simu kutoka kilimani kwake. Walikuwa wamekuja na matingatinga kuchimbua lile shimo.

"Wamebeba udongo yote," akasema. "Lori nyingi, imefunikwa turubai."

"Wamepeleka wapi?"

"Mimi nilidhani wewe unajua. Lori zilishika njia ya kwenu."

Nilikwenda ofisi ya serikali hapa mjini kuuliza. Wakaniambia udongo uliondolewa kwa kufuata taratibu. Nikauliza umemwagwa wapi. Wakaniambia nirudi. Nilirudi kila Jumatatu, kabla ya zamu yangu, mpaka askari wa mlangoni akaanza kuniwekea kiti. Wiki jana walinipa nakala ya hati ya kusafirisha. Tarehe ipo, namba za magari zipo, mihuri ipo miwili. Palipoandikwa "mahali pa kumwaga" pameachwa wazi.

Nilimpigia mama nikiwa bado nimesimama kwenye ngazi za ofisi, nikamsomea mstari kwa mstari. Nilipofika pale, nilisoma "mahali pa kumwaga" tu.

"Imesema wapi?" akauliza.

"Haijasema, Mama."

Nilisikia upepo wa kule, na mbuzi, na mtu akiita mtu. Kisha akaniuliza ofisi hiyo hufunguliwa saa ngapi, na kama ile barabara ya Turbo anayopita mume wangu ina machimbo mengi ya mawe yaliyoachwa, mahali udongo unaweza kumwagwa. Nikamwambia saa mbili asubuhi. Nikamwambia yako mengi, mengine siyajui.

"Basi tafuta mtu anayajua," akasema. "Mimi natoka kesho."